Mwavuli Uliorudi Mkavu

Siku Tadokoro alipoutaja wimbo anaoutaka kwenye harusi yake, Ryohei Nagumo alikuwa na gyoza nzima mdomoni, ya moto, na ikabidi aimeze hivyo hivyo.

"Ule wa mwavuli," Tadokoro alisema. "Tafadhali, kaka. Mwingine siutaki hata mmoja."

Walikuwa mgahawani kwa Gondo, mchana wa Jumapili, meza ya dirishani. Gyoza, vile viandazi vya nyama vya kukaangwa, zilikuwa zimepangwa duara kwenye sahani, na chipukizi za maharage katikati, na nje ule upepo mkavu wa Hamamatsu ulikuwa unabamiza mabango ya maduka. Gondo, mwenye mgahawa na mpiga ngoma wao, aligeukia kikaango akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho. Kanae, bibi harusi mtarajiwa, alikuwa anamimina siki kwenye visahani, na hakuinua macho kutoka kwenye chupa.

Ryohei akasema sawa. Angesema nini?

Bendi yao iliitwa Ngazi za Nyuma. Waliianzisha wakiwa chuoni, wao watatu: Gondo kwenye ngoma, Kanae kwenye gitaa la besi na kuimba, Ryohei kwenye gitaa na kutunga. Walipiga roki ya taratibu, zile nyimbo zinazoanza na gitaa moja linalonung'unika peke yake na kuishia na watu wote wakipiga kelele jukwaani kama nyumba inaungua. Zote zilihusu mtu anayependa asipopendwa. Wasichana wa safu ya mbele walikuwa wakija na taulo zao za kulilia. Na kila neno la nyimbo zile, tangu la kwanza, Ryohei alilitunga kwa ajili ya Kanae. Gondo alijua. Mwenye ukumbi mdogo walikozoea kupiga alijua. Nadhani hata paka wa ukumbi alijua. Asiyejua, kwa hesabu za Ryohei, alikuwa Kanae peke yake, aliyekuwa anasimama mbele ya maikrofoni na kuyaimba maumivu yale kwa kinywa chake mwenyewe, tena vizuri kuliko mtu yeyote.

Unaweza kumwonea huruma ukitaka. Mimi wakati mwingine natamani kumtikisa mabega. Mtu anaweza kuliza ukumbi mzima, halafu hawezi kumwambia mtu mmoja twende tukanywe kahawa.

Huo wimbo wa mwavuli ulitokana na jambo la kweli. Miaka mitano nyuma, msimu wa mvua, mazoezi yalikuwa yamekwisha na mvua ikaanza kumwagika. Ryohei akampa Kanae mwavuli wake, yeye akakimbia hadi stesheni akiwa amelowa chepechepe na anacheka kama mwehu. Alikuwa amepiga moyo konde: kesho Kanae akija kuurudisha, nitamwambia. Alifanya mazoezi ya maneno yenyewe mbele ya kioo cha bafuni. Kesho yake Kanae akaja kwenye lile duka la kutengeneza magitaa anakofanya kazi Ryohei, na mwavuli mkononi. Ulikuwa umekunjwa vizuri, kifungo kimefungwa, mkavu kabisa. Haukuwa umeguswa na tone.

"Sikuutumia," alisema. "Nilipata mtu wa kunisindikiza."

Mtu huyo alikuwa Tadokoro, na mwavuli wake mkubwa mweusi. Alikuwa amemngoja Kanae kwenye kituo cha basi, na papo hapo, mvua ikiwapiga magotini, akamwambia kama inavyopaswa kuambiwa: nakupenda, naomba tuwe wapenzi. Ryohei alilijua hilo baadaye kidogo. Siku ile alichokiona ni ule mwavuli mkavu tu, na ukamtosha. Aliupokea, akautundika msumarini, akarudi kwenye shingo ya gitaa aliyokuwa anaipiga msasa. Wiki haikuisha wimbo ukawa tayari. *Umerudi mkavu, umerudi mkavu, mvua yako umeigawana na nani.* Redio ya mji ikaupenda. Mpaka leo wanafunzi wakiachwa wanajifungia kwenye vyumba vya karaoke kuuimba hadi sauti zikauke.

Kibaya zaidi, Tadokoro alikuwa mtu mwema. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, mpole, mwenye vidole vyeupe kwa vumbi la plasta. Kila walipopiga alikuwepo, na wakimaliza alikuwa wa kwanza kubeba spika. Ryohei alijaribu kumchukia, lakini hakuona pa kuanzia.

Walipoondoka wale wawili, Gondo alileta bia bila kuagizwa.

"Kataa," alisema.

"Nikatae kwa sababu gani?"

"Sema una mafua."

"Harusi ni Aprili, Gondo. Sasa hivi ni Februari."

"Basi mafua mabaya."

Haikuwezekana Kanae aimbe mwenyewe, maana bibi harusi na gauni la namna ile hashiki gitaa la besi. Kwa hiyo angeimba Ryohei, mwenye sauti ya mlango usiotiwa mafuta, na Gondo angepiga kisanduku cha mbao badala ya ngoma ili wasiwashtue wazee. Hayo yote yalipangwa na watu wengine, kwa furaha nyingi, huku Ryohei akiitikia kwa kichwa.

Halafu akaja Bi Katsuragi.

Bi Katsuragi ndiye aliyekuwa msimamizi wa sherehe kwenye ukumbi wa harusi, mwanamke mdogo mdogo mwenye sauti laini, na aliomba kwa unyenyekevu mkubwa kuyaona maneno ya wimbo mapema. Ryohei akampelekea. Akaitwa ofisini, akapewa chai na keki, na akili yake ikamwambia keki hii si ya bure.

Kila mtu Japani anajua kwamba harusini kuna maneno hayatamkwi. Kukata, kuachana, kuisha, kurudi. Hata keki haikatwi: bwana na bibi harusi "wanaiingizia kisu". Sherehe nayo haiishi, "inafunguliwa". Na mtu anayetoa hotuba hasemi neno mara mbili mfululizo, kwa sababu jambo la kurudiwa si jambo unalomwombea mtu siku anapooa. Ryohei alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, ila hakuwahi kufikiria kwamba lingemhusu. Sasa Bi Katsuragi alikuwa anapita kwenye wimbo na penseli, mstari kwa mstari, akiomba radhi kila alipokwama.

"Samahani sana, Bwana Nagumo. Hapa pana 'umerudi'."

"Ndiyo. Ndiyo wimbo wenyewe huo."

"Naelewa. Bibi harusi kurudi, unajua wazee watakavyofikiri. Kwamba atarudi kwao. Tena limesemwa mara mbili." Akageuza ukurasa. "Na hapa 'uzi umekatika'. Na hapa kwenye kiitikio, samahani, 'tumekwisha kabla hatujaanza'."

Ryohei alihisi damu inampanda kichwani. Akauliza, kwa adabu yote aliyoweza kuikusanya, ni kitu gani basi kinabaki.

Bi Katsuragi aliangalia karatasi kwa makini, kama mtu anayetafuta habari njema kwa ajili ya mgonjwa.

"Mvua," alisema. "Mvua haina shida. Na mwavuli. Mwavuli ni mzuri sana."

Wiki zilizofuata zilikuwa za kuudhi. Ryohei alikaa dukani na gitaa la mteja mapajani, na badala ya kulitengeneza alikuwa anautengeneza wimbo, yaani anauua kidogo kidogo. Akitoa "umerudi", mstari unabaki na mguu mmoja. Akiweka "umefika", mwavuli unafika wapi, na kwa nini mtu aulilie? Akampelekea Bi Katsuragi, Bi Katsuragi akapiga simu kumshukuru na kumwomba radhi kwa neno moja zaidi. Akabadilisha. Akapigiwa tena. Alikuja kuona kwamba anafanya kazi ambayo hata adui yake asingempa: kuchukua kitu pekee cha kweli alichowahi kukisema, akikwangue mpaka kiwafae shangazi zake Tadokoro. Na aliyemwagiza hana kosa, na msimamizi hana kosa, na bibi harusi hajui kitu. Unamgombeza nani? Alimgombeza mteja aliyekuja kuuliza gitaa lake, baadaye ikabidi amwinamie kumwomba msamaha.

Mstari wa mwisho wa kiitikio ndio uliomshinda kabisa. Hapo Kanae alikuwa anapaza sauti mpaka mishipa ya shingo inamtoka, "tumekwisha kabla hatujaanza", na ukumbi mzima unalia naye. Ryohei alijaribu kila kitu. Mwishowe Bi Katsuragi mwenyewe akamwonea huruma.

"Kwa nini usiweke 'nakupenda' tu?" alisema kwenye simu. "Wengi huweka hilo. Halina mwiko wowote. Ila mara moja tu, tafadhali, usilirudie."

Ryohei alikata simu akabaki ameishika. Nyimbo zote zile alizotunga, na neno hilo hakuwahi kuliweka hata kwenye mmoja. Alikuwa anajisifu kwamba ni neno la bei rahisi, la watunzi wavivu. Siku ile, kwa mara ya kwanza, alishuku kwamba sababu huenda ikawa nyingine, na hilo likamkera kuliko yote. Akaandika "na mvua inanyesha" mahali pake, akampelekea, ikapita.

Jumapili ya mwisho kabla ya harusi walifanya mazoezi kwenye chumba chao cha siku zote, juu ya duka la baiskeli. Kanae alikuja na Tadokoro, kusalimia tu. Tadokoro alikuwa ameleta keki za samaki aina ya mkunga kwa ajili yao, zile biskuti zinazouzwa stesheni, na alikuwa na furaha mpaka hajui mikono aiweke wapi.

"Kaka Ryohei, sijakushukuru vizuri," alisema. "Mimi najua ule wimbo ni wa nini. Kanae aliniambia zamani. Ni siku ile ya kituo cha basi." Akajigusa kifua. "Mwenye ule mwavuli mwingine ni mimi. Ulikuwa unatuchora chini ya mwavuli mmoja, kama watoto wa shule wanavyochora wapenzi wawili ubaoni. Hakuna rafiki aliyewahi kumfanyia mtu jambo zuri namna hiyo."

Akainama sana, akatazama saa, akaondoka mbio, kuna meno ya mtu yalikuwa yanamngoja.

Gondo akatangaza kwamba ana kiu, akashuka kwenda kwenye mashine ya vinywaji, na wote walijua kwamba mashine iko hapo mlangoni tu na kwamba yeye hatapanda mpaka aitwe.

Ryohei alikuwa amesimama na gitaa begani. Kanae alikuwa amekaa juu ya spika, anakunja na kukunjua mfuko wa zile biskuti.

"Kanae aliniambia," Ryohei alirudia. "Wewe ulijuaje wimbo ni wa siku ile?"

"Ryohei. Mwavuli niliurudisha mimi."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu uliponipa karatasi niimbe. Kwani ungenificha vipi? Hata kifungo umekiandika."

Hasira zilimpanda, na hakujua za nini. Miaka yote ile alikuwa anaumia kwa sababu Kanae hajui. Kumbe anajua, na bado anasimama pale mbele na kuimba.

"Na ukaimba," alisema. "Kila wiki. Unajua ni wewe, na unaimba."

"Niliimba. Na kila nikimaliza nilikuwa nageuka kukuangalia. Unajua ulikuwa unafanya nini? Unainama unakaza nyuzi. Kila mara. Gitaa lako halijawahi kuhitaji kukazwa hivyo, fundi wa magitaa wewe."

"Ungesema neno."

"Mimi niseme? Unipende wewe, niseme mimi?" Aliuweka ule mfuko chini. "Wewe uliwaambia watu wote. Uliiambia redio. Kuna wasichana wa sekondari wanalijua pendo lako kuliko mimi. Mimi nilikuwa nataka niambiwe mimi."

"Nilikuwa nimeshajiandaa kukwambia. Siku ile ile. Ukaleta mwavuli mkavu, ikawa umeshanijibu."

Sauti ya Kanae ilishuka.

"Sikuwa nimemjibu mtu," alisema. "Tadokoro aliniambia pale kituoni, nikamwomba siku mbili. Nikaja kwako asubuhi. Nilikaa pale dukani mpaka chai ikapoa, hukumbuki? Nikasema nilipata mtu wa kunisindikiza, nikangoja uniulize ni nani. Wewe ukaupima mwavuli kwa macho, ukautundika, ukachukua msasa."

Ryohei alikumbuka ile chai. Alikuwa ameimwaga yeye mwenyewe baadaye, kikombe kizima, akashangaa mbona Kanae hakuinywa. Alitaka kupiga kitu teke, na pale karibu hapakuwa na kitu isipokuwa ngoma za Gondo, na ngoma za Gondo hazina kosa. Mwavuli! Alikuwa amejibiwa na mwavuli, akaukubali, akautungia na wimbo juu.

"Na sasa?" aliuliza.

"Sasa nampenda Tadokoro. Nampenda sana, Ryohei, usije ukakosea tena hapo." Akasimama, akapangusa sketi yake. "Uimbe vizuri. Kwenye ubeti wa pili unakimbia, Gondo hakufikii."

Siku ya harusi kulikuwa na jua, hata wingu la kusingizia halikuwepo. Sherehe ilianza mchana. Bosi wa Tadokoro alitoa hotuba ndefu kuhusu magego. Keki ikaingizwa kisu. Bi Katsuragi, amesimama kando ya pazia na kifaa sikioni, akampa Ryohei ishara kwa kidole, na yeye na Gondo wakapanda kwenye jukwaa dogo, wamevaa suti nyeusi na tai nyeupe.

"Jikaze kisabuni, we bwana," Gondo alimnong'oneza, akakikalia kisanduku chake.

Ryohei akaanza. Ubeti wa kwanza ulikuwa mvua tupu. Shangazi zake Tadokoro walitabasamu, mmoja akamwambia mwenzake kwamba ni wimbo mzuri, una hali ya hewa. Ubeti wa pili hakukimbia. Sauti yake ilikuwa mbaya kama siku zote, na alijua, na kwa mara ya kwanza hakujali. Kanae alikuwa amekaa meza ya mbele katikati ya maua, gauni limejaa kiti chote, na Ryohei akafahamu kwamba huyu mtu ameuimba wimbo huu miaka mitano na hajawahi kuusikia. Hajawahi kukaa chini akaimbiwa.

Kiitikio kikafika. Mahali pa mstari wa mwisho palikuwa na "na mvua inanyesha", Bi Katsuragi ameuidhinisha, karatasi yake ina muhuri. Ryohei akafungua mdomo, akaliacha hilo.

"Nakupenda," aliimba.

Mara moja tu. Wimbo ulidai lirudiwe, sauti ilikuwa imejengwa irudie, kule kwenye kumbi ndogo Kanae alikuwa anaurudia mstari ule mpaka anakosa pumzi. Hapa kurudia ni mwiko. Akaliachia gitaa pale neno la pili lilipopaswa kukaa, na gitaa likapita peke yake, na Gondo, ambaye hakuwa ameambiwa, akainua mikono juu ya kisanduku akaisimamisha hewani. Kando ya pazia Bi Katsuragi aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

Nyuzi zilipotulia Ryohei hakuinama. Alimtazama Kanae, naye Kanae alikuwa anamtazama, mikono imetulia juu ya meza.

Halafu ukumbi ukapiga makofi. Tadokoro alikuwa analia waziwazi, amemshika mkewe bega. Alikuja mpaka jukwaani akamkumbatia Ryohei na gitaa lake kati yao, akamwambia asante, asante, umelisema ambalo mimi ningeshindwa kulisema mbele ya watu. Ryohei akampigapiga mgongoni. Alikuwa amelisema hatimaye, kwa mdomo wake mwenyewe, na wote mle ndani walikuwa wamelipokea kwa niaba ya mtu mwingine. Ilimjia kucheka, na ilimjia kutupa gitaa, na hakufanya hata kimoja.

Sherehe ilipofunguliwa, bwana na bibi harusi walisimama mlangoni, kama ilivyo ada, kumuaga kila mgeni na kumpa kifuko cha peremende. Foleni ilikuwa ndefu. Gondo alikuwa mbele, akapewa chake, akamtania Tadokoro kuhusu macho yake mekundu. Ikafika zamu ya Ryohei. Tadokoro alikuwa bado amebanwa na Gondo. Kanae akachukua kifuko kwenye kikapu, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Nimesikia," alisema.

Ryohei akafungua mdomo kujibu. Nyuma yake shangazi wa Tadokoro alikuwa ameshaanza kuinama kumpongeza bibi harusi, na kikapuni mkono wa Kanae ulikuwa umeshachukua kifuko kingine. Akasogea kumpisha.